Wifi Kausugua Mfuko wa Mama

Nandin, nina hasira! Wifi kausugua mfuko wa ngozi wa mama kwa sabuni. KWA SABUNI!

Ule wa kuchachushia maziwa ya farasi! Tangu enzi za bibi haujawahi kuoshwa!

Eti, "Wifi, mfuko ulikuwa unanuka, umejaa bakteria."

Sasa si ndio haohao mama aliomletea kutoka nyikani! Daktari mwenyewe alimwambia wifi maisha ya mjini Ulaanbaatar yamemmalizia bakteria wazuri tumboni.

Kwa sabuni, Nandin!

Mama kaunusa ule mfuko. Mara wifi huyo, anameza kidonge chake cha tumbo. Mama akauliza kina nini. Nikamsomea kopo: "Bakteria hai."

Mama akasema, "Mwambie akioshe kwanza."