Kopo la Wiki Sita

Rangwe, likizo ya Desemba

Baba yangu mpendwa,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ulichokifundisha kule Kegonga, na kwa sababu barua zangu za zamani ulizirudisha nyumbani zikiwa na masahihisho ya wino mwekundu, na chini yake umeandika, "Nimefurahi." Hii haitarudi, kwa hiyo nitajaribu kuiandika vizuri mara moja.

Jana nilipika sabuni ya kunyolea. Ni ya kwanza tangu ile ya darasa la saba, ile tunayoijua mimi na wewe.

Ulikuwa ukifika nyumbani mwisho wa mwezi na mkebe wa mafuta ya ng'ombe kutoka kwa mchinjaji wa Kegonga, kifuniko umekifunga kwa mpira wa baiskeli yasimwagike. Sabuni za dukani zilikutoa vipele shingoni, nawe ulisema mwalimu mwenye vipele hana uso wa kuwaambia watoto waoge. Kazi yangu ilikuwa majivu. Nilichoma maganda ya maharagwe na majani makavu ya migomba, nikayashindilia majivu yake kwenye debe lenye matundu chini, nikamimina maji ya mvua juu yake, na chini yakadondoka maji ya rangi ya chai. Wewe ulitia yai ndani ya maji hayo. Likizama, nilirudia kuyachuja. Likielea na kuonyesha ganda kidogo tu, ulisema, "Huyo ni Mzee Saidi anaoga ziwani." Nami nilicheka kila mara, maana Mzee Saidi, mwenye duka la Homa Bay aliyetuuzia mafuta ya nazi, alikuwa na upara uliong'aa hivyo hivyo.

Baada ya hapo tuliyachanganya na mafuta yote mawili, kisha ni moto mdogo na mwiko, mpaka uzito ufike ule wa uji wa wimbi. Na kabla sabuni haijagusa shavu lako, uliionja kwa ncha ya ulimi, ukasimama kimya kidogo. "Ikiuma ulimi itauma shavu," ulinifundisha. "Na ulimi wa kuumia ni wa aliyepika."

Hilo ndilo nililolisahau. Walikuwa wamekuteua naibu wa mwalimu mkuu, ukatakiwa uripoti Jumatatu, nami nilitaka uende na sabuni iliyopikwa na mkono wangu. Niliipika Alhamisi ulipokwenda shambani, na kwa kuogopa usinikute, niliiepua mapema. Sikuionja. Jumatatu asubuhi nilikupa ikiwa ndani ya kopo, nikasimama nyuma yako ulipokuwa ukijinyoa mbele ya kioo cha dirishani. Niliona mkono wako ukisita. Halafu ukaendelea, shavu la kulia, la kushoto, kidevu, mpaka mwisho.

Ulipogeuka ulikuwa umeiva kama nyanya. Mama alikuuliza ni mwanamke gani wa Kegonga aliyekuzaba makofi hata kabla hujapanda gari.

"Ni wembe," ulimjibu. "Umekuwa butu."

Mimi nilikimbilia jikoni kulia. Ulinifuata, uso bado una maji, ukaniambia kwa sauti ndogo, "Haijaharibika, nyathina, mwanangu. Haijamaliza kuiva tu. Tuipe wiki sita, kisha tuionje pamoja." Ulichana karatasi, ukaandika kwa kalamu yako nyekundu, "Lisifunguliwe kabla ya wiki sita," ukaibandika kwenye kopo na kulipandisha juu ya boriti, chini ya mabati. Ukaenda Kegonga na mashavu yale.

Wiki ya tano malaria ilikukuta huko. Walimu wenzako walikuleta nyumbani wakiimba, na sisi tuliwasikia tangu barabarani.

Siku ya nne baada ya kukuzika, Dana, mama yako, alituketisha nyuma ya nyumba ili tunyolewe nywele, kama ilivyo desturi kwetu. Mama alisisitiza kila mtu awe na wembe wake. Dana alinung'unika kwamba zamani wembe mmoja ulimaliza boma zima, lakini alikubali. Kisha akanituma nilete sabuni ya mwanawe, kwani haikufaa tuoshwe huzuni ya kukupoteza kwa sabuni ya kufulia. Kopo lako la sabuni ya awali lilirudi kutoka Kegonga likiwa tupu. Lililokuwapo ni lile la kwenye boriti.

Nilipanda kiti nikalishusha. Nilihesabu: wiki sita na siku mbili. Lakini ulisema tuionje pamoja, na sasa ngozi iliyokuwa ikingojea ni ya kichwa cha Mama. Nilifika kwao nikashindwa kulitoa mkononi.

"Hii si ya Baba," nikasema. "Niliipika mimi. Ndiyo iliyomchoma siku ile."

Mama akanigeukia. "Alisema ni wembe."

"Haukuwa wembe, Mama."

Basi Mama akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ulipoletwa, na kicheko hakikufika mbali, kiligeuka kilio katikati, lakini kilikuwa kicheko. Dana alisema tangu utotoni hukujua kudanganya, kila mara alikukamata, na ona sasa uongo huu mmoja ulivyompita.

Nikafungua. Nikaigusa kwa ulimi na kusimama kimya kama ulivyosimama wewe. Nilisikia ladha ya nazi na moshi. Niliingoja iniume. Haikuuma.

Mama aliniinamishia kichwa mimi, si Dana, na nikachovya burashi yako majini nikampaka. Povu lilisimama zito na jeupe, halikukauka mpaka Dana alipomaliza kumnyoa. "Ni laini," Mama alisema akiwa bado ameinama. "Ni laini kama yake."

Tangu siku hiyo hakutaka sabuni nyingine kichwani. Miaka mitatu, kila nilipofunga shule, nilimnyoa kutoka kopo lile lile, tukilitumia kwa uchoyo. Likizo ya Aprili kijiko kiligonga chini. Mama alichungulia ndani, akalifunika. "Basi," alisema. "Nywele zirudi." Zimerudi, Baba. Kuna mvi chache upande wa kushoto. Ungezipenda.

Mimi niko kidato cha pili. Muhula uliopita mwalimu wa kemia aliandika ubaoni mafuta, akaandika maji ya majivu, akachora mshale. Wenzangu walinakili, nami nikasikia harufu ya jikoni kwetu. Niliinua mkono nikaeleza habari za yai, darasa zima likacheka, lakini yeye aliwanyamazisha akaniambia niendelee. Baadaye aliniuliza kama nafikiria kulishika somo hili mpaka chuo kikuu. Nilisema ndiyo. Wewe ndiwe wa kwanza kuambiwa.

Juma lililopita nilikwenda Homa Bay kununua mafuta ya nazi. Mzee Saidi aliuliza kwa nini Mwalimu haji miaka hii yote, au amehamishwa. Nilipomwambia, aliweka chini chupa aliyoishika, akakuombea. Kisha akaniuliza kama bado tunapima yai kwa upara wake. Kumbe ulimwambia. Alisema yeye hunyoa kichwa kila Ijumaa, na sabuni hii ikiiva, ya kwanza iwe yake.

"Ni wiki sita, Mzee," nikamwambia.

"Kichwa hiki kina haraka ya kwenda wapi?" alijibu. "Nitangoja."

Safari hii sikuepua mapema. Mkono uliuma mpaka begani. Kopo liko juu ya boriti ileile, nami nimeazima kalamu nyekundu ya Mama mdogo na kuandika maneno yako, herufi kwa herufi. Wiki sita zitaisha siku mbili kabla shule haijafunguliwa. Bado naogopa kidogo. Mzee Saidi si baba yangu, naye hatasingizia wembe.

Lakini haitafika kwake kabla ya kupita kwangu. Siku hiyo nitapanda kiti, nitalishusha kopo, nitatoa ulimi na kusimama kimya. Hapo utakuwa nami, Baba, kama tulivyopatana.

Pumzika salama, wewe uliyejinyoa mpaka mwisho.

Mimi niliyeipika, binti yako,
Akinyi