Jina Halikumponya Masanja

Kambini, Geita

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje baridi hii ya ziwani? Mimi natembea na ninakula, lakini moyo hauna raha. Kaa chini kwanza, ndipo katekista akusomee mbele.

Mdogo wangu Masanja hatunaye tena. Tumemzika Jumamosi.

Yalimwanza kama yalivyomwanza Baba. Mikono ilimcheza yenyewe, kisha zikaja hasira. Masanja yule mpole, Mama, alimpiga nyapara kwa sababu ya ugali! Halafu akalia, akaniuliza, "Kaka, ni mimi niliyefanya vile?" Wakamtoa shimoni, asichimbe tena dhahabu. Siku ya mvua kubwa akaondoka peke yake, tukamkuta mtoni amekwisha kufa.

Daktari aliniuliza habari za ukoo. Nikamweleza kuwa Baba alikuwa hivyo, na babu pia, nasi tukidhani ugonjwa unafuata jina. Ndiyo maana Masanja alipewa jina la upande wako, mizimu ya kwa Baba isimtambue. Akauliza, "Na mama yako katoka wapi?" Nikasema ni pale pale kisiwani, binti wa shangazi yake Baba. Akatikisa kichwa. Akasema mambo haya yamo damuni, mtu huzaliwa nayo kama pua ya baba yake, na tukioana wenyewe kwa wenyewe mtoto aweza kuyapata pande zote mbili.

Usijilaumu, Mama. Nyumba zetu ni chache na maji yametuzunguka. Mngeoana na nani?

Sasa Kabula, binti wa mjomba. Najua ng'ombe wamekwisha fika kwao, naye ananingoja. Nampenda, Mungu anajua. Lakini tangu mwezi huu vidole vyangu vya kushoto vinacheza hata nikivikalia. Simuoi. Aolewe ng'ambo, Usukumani, kwa watu wasio na damu yetu. Wale ng'ombe msiwadai, watu wa kwao wasije wakamwonea yeye.

Nisalimie mjomba, na shangazi mwenye duka, na bibi asiyeona, umwambie namkumbuka kwa hadithi zake. Katekista, nakuomba kinywa chako ukifunge.

Kabula akiuliza, Mama, usimtajie vidole, maana atasema atanivumilia. Mwambie nimeoa huku. Atanitukana, atalia, kisha ataolewa.

Mwanao wa kwanza,
Petro