Sifuri ya Shule Yetu

S.L.P. 68,
Bariadi,
Simiyu.
17 Mei 2025

Mpendwa Dada Joyness,

Leo naanza na jambo lenyewe, maana nikitanguliza salamu nitaogopa tena. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Ile malaria yangu ya Februari haikuwa malaria. Kijana wa bodaboda alinikamata nikitoka shule, akanivuta kuelekea shamba la pamba, akanichania shati. Nilimng'ata mkono nikakimbia. Wiki mbili sikuthubutu kupita njia ile. Nyumbani nilisema naumwa. Shuleni, kwa kuwa sikuwa na cheti cha hospitali, wakaniandika mtoro.

Sasa ndiyo salamu: mwangaluka, dada. Baridi ya Njombe inakutendeaje? Kifua kimepona? Sisi hatujambo. Pamba imepasuka vizuri, mama anashinda shambani.

Jumatatu mstarini, Mwalimu Constantine wa nidhamu alitusomea taarifa ya ukatili inayokwenda halmashauri. Shule yetu: sifuri. Akasema tujipigie makofi. Watu wakapiga!

Sanduku la kutolea taarifa limetundikwa mlangoni pa ofisi ya walimu. Ukisogea na karatasi, wavulana wanapiga kelele, "Nyamizi, barua ya nani hiyo? Kwenu wanataka ng'ombe wangapi?" Ufunguo anao Mwalimu Constantine. Na msichana akiumizwa, wazee wakimalizana kwa ng'ombe huko nyumbani, shule inaandika utoro na habari inaishia hapo. Sifuri itakosaje kupatikana?

Unanijua, hata kusoma kwa sauti darasani natetemeka. Lakini makofi yale sikuyaweza. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwenye hiyo sifuri na mimi nimehesabiwa?"

"Kaa chini, wewe mtoro!"

"Mwalimu, huku mstarini tumesimama wote."

Mstari mzima ulicheka. Aliniita ofisini akasema nitaharibu jina la shule. Nikamjibu kwamba langu limeshaharibiwa, tena bila kuulizwa.

Usiniambie nitulie, dada. Sitatulia. Aibu ni ya yule kijana, si yangu, na taarifa ile haitaondoka hapa na sifuri.

Msalimie shemeji Sylvester na umbusu Flora mdogo. Mungu awape usingizi mwema na riziki ya halali.

Mdogo wako akupendaye kila siku,
Nyamizi

Jumatatu, 19 Mei. Bado sijaituma. Baada ya kukuandikia nikaweza kumwambia mama. Alilia, kisha akajifunga kitenge, na leo asubuhi tumekwenda kwa Mwalimu Veronica, mlezi wa wasichana. Nilimweleza yote. Nikaomba pia sanduku lihamishiwe maktaba, ambako kila mtu huingia na karatasi, na ufunguo akae nao yeye. Amekubali. Kwenye ile taarifa ya halmashauri alianza kuandika "ugomvi njiani." Nikakataa. Akafuta, akaandika ukatili, tukio moja. Nikasoma kila mstari, nikatia saini, nikaenda na mama polisi.