Mama Mkwe Alipoishika Miguu ya Kemunto

Jumapili, jioni. Ukungu haujainuka tangu asubuhi. Kutoka mlangoni kwetu siyaoni mashamba ya chai kabisa, naona weupe tu, na kambi yote ya sisi wachumaji ni kama inaelea.

Nimechoka, lakini ni uchovu mtamu.

Kemunto wangu ana miaka mitatu na bado hajaweza kukaa peke yake. Alichelewa kulia alipozaliwa. Miguu yake hukakamaa na kupishana kama mkasi. Daktari wa Kericho alisema ubongo uliumia na hakuna dawa ya kumeza, kisha akatupeleka kwa sista wa mazoezi ya viungo, muuguzi wa hapo hospitalini. Yeye ndiye aliyenifundisha: maji ya vuguvugu kwanza, halafu nifungue miguu polepole, ningoje ilegee yenyewe.

Juzi mama mkwe alifika kutoka Kisii, akanikuta katikati ya mazoezi, mtoto analia. Nyamweya, mume wangu, aliporudi kutoka kiwandani, ndipo mama mkwe akamwambia kwamba ninamtesa mtoto, na kwamba ataondoka naye akalale kwa amani huko nyumbani. Nyamweya aliinama kuvua viatu vyake. Kutonitetea kwake kuliniuma kuliko maneno ya mamake.

Nakiri, kuna dakika nilitamani amchukue. Nilijiona kwenye chai na kikapu mgongoni, moyo mwepesi, sina wa kumfikiria.

Dakika hiyo iliniogopesha.

Leo baada ya kanisa nilimwomba mama mkwe aketi karibu yangu aone. Niliweka karai la maji mlangoni, mvuke ukachanganyika na ukungu. Kemunto alipoanza kunung'unika, mama mkwe akaanza kuimba chini chini, wimbo wa Kikisii aliombembelezea Nyamweya zamani. Nikasikia goti likilegea mkononi mwangu, kama mtu anayechukuliwa na usingizi.

Nikaishika mikono ya mama mkwe, nikaiweka mahali pa yangu.

"Ngoja tu, mama. Utasikia mwenyewe akikubali."

Akangoja, huku akiimba. Miguu ikafunguka. Kemunto akamtazama usoni, akacheka.

"Nilidhani unamvunja," akasema mama mkwe. Macho yake yalikuwa na machozi.

Tulimkausha, tukamkalisha kwenye kona ya ukuta, leso zilizokunjwa huku na huku. Mama mkwe akaondoa mkono. Kemunto akabaki ameketi! Kichwa kinayumba, macho yanaufuata ukungu. Kisha akalala upande taratibu, na hata Nyamweya, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akacheka.

Sasa mama mkwe amemwambia mwanawe kwamba hana haraka ya kurudi, mahindi yake yataangaliwa na jirani. Kesho nikiwa kwenye chai, yeye ndiye atakayemfanyisha mazoezi ya mchana.

Sijui kama Kemunto atatembea. Sista hakuniahidi hivyo, nami sikumwuliza tena.

Ila najiuliza, je, kesho nitaweza kuchuma hadi jioni bila kutamani kukimbia nyumbani nikawaone?