Fungulia Bomba Dakika Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Rasimu imefika. Kurasa arobaini na mbili, jalada la bluu: viwango vya juu vya kemikali vinavyoruhusiwa kwenye maji ya kunywa. Ikipita ndiyo sheria. Nilianza kuisoma kutoka nyuma, kwenye orodha ya walioshiriki. Nimejitafuta mara tatu. Simo. Miwani yumo – wa pili kutoka juu, “mtaalamu mshauri”.

Miwani! Niliyemfundisha mimi kushika pipeti. Miaka kumi na moja iliyopita aliingia hapa maabara ya maji kama mwanagenzi, miwani imefungwa kwa uzi mweusi, ndiyo iliyompa jina, hajui hata kuandika lebo ya chupa. Leo yuko wizarani, anawaambia wabunge mwananchi anywe madini ya risasi kiasi gani. Mimi nina miaka ishirini na miwili kwenye mashine ileile, na kubwa ninaloulizwa ni kama glavu zimekwisha.

Mkuu wa maabara akasema tujivunie, huyu ni mtoto wetu. Nikasema naam, tunajivunia. Roho ilikuwa inaniuma mpaka kwenye meno.

Jumanne, 4 Machi

Kahojiwa redioni asubuhi. Mume wangu akaongeza sauti. Akaacha kunyoa, povu shavuni, akawa anamsikiliza yeye. Eti anaeleza vizuri, hata asiyesoma anaelewa. Mimi nikianza habari za kazini husinzia! Nikamwekea chai bila sukari. Akainywa yote bila kugundua.

Alichosema Miwani: risasi haitoki mtoni, inatoka kwenye mabomba ya zamani. Mtoto mchanga ikimwingia inamharibu ubongo polepole, bila homa, bila dalili. Kwa hiyo kikomo kiwe mikrogramu kumi kwa lita, na isizidi. Sawa. Yote sawa, na hilo ndilo linaloniudhi.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nasubiri.

Alhamisi, 6 Machi

Amekuja maabara kuchukua takwimu za mwisho. Viatu vipya. “Shikamoo, Mwalimu,” mbele ya wote, na kila mtu akatabasamu kama vile nimepewa zawadi. Marahaba. Mwalimu – ndilo jina wanalompa mtu waliyemwacha kituoni. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akauliza habari za mjukuu wangu. Miezi minne sasa. Amekumbuka hata kwamba ananyweshwa maziwa ya kopo. Siwezi hata kumchukia kwa raha.

Akaniomba niipitie rasimu, nimwambie kama kuna kosa. Nikajibu nina kazi nyingi. Alipotoka tu nikafunga mlango, nikaisoma mstari kwa mstari. Si kwa kumsaidia. Humu hakuna anayesoma, niseme ukweli: nilitaka kuona amejikwaa.

Ukurasa wa 31. Mabomba 212 yamepimwa, 209 yako chini ya kikomo. Kwa hiyo majumbani risasi ipimwe mara moja kila miaka mitano, na mabomba ya zamani yaachwe yalivyo. Mia mbili na tisa? Mji huu, wenye mabomba ya enzi za babu zetu? Haiwezekani. Hapa kuna kitu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimempata!

Nilifika kazini saa kumi na mbili na nusu, hata mfagiaji hajaja. Jengo letu ni kuukuu na maji yalikuwa yamelala bombani tangu Ijumaa. Nikafungulia, nikakinga chupa ya kwanza papo hapo. Nikayaacha yatiririke dakika tatu, nikakinga ya pili. Mashine ikanipa majibu. Ya pili, 4. Ya kwanza, 38.

Thelathini na nane! Nikarudia. Thelathini na saba. Maji yakilala kwenye bomba yananyonya risasi. Ukiyaacha yatiririke kwanza, ushahidi wote unauosha, halafu unajisifu bomba ni safi. Nikawapigia simu waliomkusanyia sampuli, mmoja mmoja, kwa sauti ya kirafiki. Wote walifungulia kwanza. Mabomba yote 212, dakika tatu kamili kwa saa ya mkononi. Nani nyumbani kwake hufanya hivyo? Mtu anaamka, anajaza birika.

Mchana nimekula peke yangu, nacheka na sahani. Kikao cha wazi ni Ijumaa: kamati, wabunge, waandishi wa habari. Sitamwambia sasa. Nitanyoosha mkono palepale, taratibu, samahani, nina swali dogo tu. Hata gauni nimeshalichagua. Na mume wangu nitakwenda naye, aje amsikilize vizuri huyo mweleza mambo wake.

Jumanne, 11 Machi

Jana jioni nilimwachia binti yangu chupa. Ghorofa yao ni kuukuu kuliko maabara. Nikamwambia akinge maji ya kwanza kabisa ya asubuhi, yale anayochemsha kwa maziwa ya mtoto. Akashangaa. Mama, si wewe unayesema maji yetu ni salama kuliko ya dukani? Nikasema napima tu, ni mazoea ya kazi.

61.

Nilikaa. Nikasimama. Nikakaa tena. Kuchemsha hakuondoi risasi, kunazidisha tu kadiri maji yanavyopungua sufuriani. Miezi minne, kila alfajiri, na bibi yake ndiye mpimaji wa maji! Nikampigia simu: kuanzia leo maji ya kwanza mwaga, acha yatiririke, ndipo ujaze. Hakubisha. Akauliza tu, na jirani wa chini mwenye mapacha naye nimwambie? Nikasema ngoja kwanza, Ijumaa kila mtu atajua.

Ngoja kwanza. Nimeyatamka mwenyewe.

Namba ya Miwani ilikuwa kwenye kioo cha simu, kidole juu yake. Lakini akijua leo, kesho atakuwa amerekebisha, na Ijumaa atapigiwa makofi kwa kugundua. Nikaizima simu. Siku tatu si nyingi. Mapacha wana meno sita kila mmoja, nimewahi kuwabeba.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda stoo kutafuta mwongozo wa kukinga sampuli, niende nao Ijumaa kama ushahidi. Faili la kijani, chini kabisa. Karatasi imegeuka njano. Kifungu cha nne: Fungulia bomba dakika tatu kabla ya kukinga.

Mwandiko wangu. Sahihi yangu.

Mwaka nilipouandika tulikuwa tunatafuta vijidudu, mtaa mzima unaharisha. Kwa vijidudu ndivyo inavyotakiwa: usafishe mdomo wa bomba, upate maji ya bomba kuu. Baadaye tukaanza kupima risasi. Mkuu akataka mwongozo wa risasi kufikia mchana. Nilikuwa na haraka. Nikachukua uleule, nikabadilisha kichwa cha habari, nikatia sahihi. Umetumika tangu siku hiyo, na Miwani ameubeba mpaka wizarani kwa heshima zote.

Na nimekumbuka jingine, ni heri nisingekumbuka. Mwanagenzi mwenye uzi kwenye miwani, chupa mkononi: Mwalimu, na wale wanaokunywa yale ya kwanza je? Nikamwambia afuate mwongozo, maswali atauliza akishakuwa bosi. Wenzake wakacheka. Hakuuliza tena.

Kosa aliliona siku ya tatu tu ya kazi. Mimi imenichukua miaka kumi na moja, na kijicho juu yake. Hata hapa amenishinda!

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeomba ruhusa, kichwa kinaniuma. Mume wangu kanikandia shingo, anadhani ni shinikizo la damu.

Karatasi ni moja tu duniani, zilizobaki ni nakala zilizopigwa chapa upya, hazina jina. Hiyo moja iko mkobani mwangu. Naweza kusimama kesho na kusema wakusanyaji walikosea, na kila neno likawa kweli. Miwani ataaibika, mabomba yatapimwa upya, mapacha watapona. Mimi nitakuwa nani? Shujaa.

Gauni linaning'inia mlangoni. Nimelipiga pasi mara mbili.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nimekaa kwenye ngazi, nje ya ukumbi. Mapumziko, dakika kumi na tano.

Miwani alisoma rasimu. Alipofika ukurasa wa 31 akasimama, akavua miwani, akaifuta. Akasema takwimu hizi zimejengwa juu ya kazi ya mtu mmoja, aliyeandika mwongozo wa kukinga maji wakati hakuna aliyekuwa anajali. Hayumo kwenye orodha, na kosa hilo ni lake Miwani, ameshaandika jina liongezwe, liwe la kwanza. Mwalimu wangu yuko hapa. Namwomba asimame.

Nikasimama. Watu kama mia tatu! Makofi. Mume wangu anapiga mikono juu ya kichwa. Mkuu wa maabara anawaambia walio jirani kwamba huyo ni wa kwetu. Kamera. Nikatabasamu.

Yalikuwa matamu. Nimeyangoja miaka ishirini na miwili, na yalipoanza kupungua nilitamani yaendelee. Hilo nitaliandika humu tu. Na bado nikamwonea wivu – mpaka kutoa sifa anajua kuliko mimi.

Mwenyekiti akasema baada ya mapumziko nipewe dakika tano nieleze mwongozo nilivyouandika. Kisha ukurasa wa 31 upigiwe kura.

Mkobani nina karatasi ya njano. Nina na nyingine yenye namba tatu: 4, 38, 61. Binti yangu ametuma ujumbe: mama mapacha anauliza mbona siku hizi anasikia maji yakimwagika huko juu kila asubuhi. Amjibu nini?

Kengele. Miwani ameshuka ngazi kunichukua, amekaa pembeni yangu, hachungulii. Nimemuuliza: unakumbuka ulipokuwa mwanagenzi, swali uliloniuliza kuhusu maji ya kwanza? Amefikiri. Ametikisa kichwa. Swali gani, Mwalimu?

Hakumbuki. Kwa hiyo hakuna anayekumbuka.

Amenyanyuka, amenyoosha mkono anibebee mkoba. Nimemwambia asubiri nimalize mstari huu.