Bonyeza Mpaka Ilie

Kwako Kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta goti limepoa na unapanda ngazi bila kushika ukuta, na kwamba wifi yangu na binti yenu wako salama. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako bado anakoroma, na mama anakula vizuri, ila kila Jumapili ananiuliza kwa nini hupigi simu, nami namwambia una kazi nyingi. Nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu wewe hucheka kwanza ndipo usikilize, na haya nayataka yafike mpaka mwisho. Kwa hiyo kaa kitako, usisome umesimama.

Nilikwambia ile ofisi nilimokuwa mhazili imefungwa. Bahati nzuri nikapata kwingine. Kazi yao ni kuandika mikutano ya watu: wanakutumia sauti zilizorekodiwa, unasikiliza ukiwa nyumbani kwako na kuzichapa neno kwa neno. Bosi wao, mama mmoja asiye na mzaha, aliniambia kazi inaanza Jumatatu saa mbili kamili asubuhi, na asiyekuwa na kompyuta inayofanya kazi saa hiyo, nafasi yake inakwenda kwa anayemfuata. Kompyuta yangu ya zamani ilikwisha kufa. Ndipo nikakwambia nimenunua vipande ili niunde nyingine mwenyewe, nawe ukacheka mpaka ukakohoa. Ulisema Vunja akiunda kompyuta, majirani wahame. Ukasema nisiguse kitu, nivirudishe vyote kwenye maboksi yake nikutumie, umtafute mwanamume wa kuviunga.

Vunja! Jina hilo nimelibeba tangu nikiwa na miaka saba, siku baba, Mungu amrehemu, alipoingia sebuleni akaikuta redio yake sakafuni imepasuka uso, na mimi nimesimama pembeni nimeshika kitufe chake mkononi. Hakuna sherehe ya ukoo wetu ambamo hadithi hiyo haikusimuliwa. Hata siku ya harusi yangu wewe mwenyewe ulishika kipaza sauti ukamwonya shemeji yako afiche sahani. Watu walicheka, nami nikacheka nao. Ila safari hii, haki ya Mungu, ulinitia ukaidi. Nikaapa kompyuta hii nitaiunda kwa mikono hii hii.

Alhamisi nikatandika kadibodi juu ya meza ya chakula, nikaegemeza kitabu cha maelekezo kwenye chupa ya maji, nikaanza. Ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu, wenyewe mafundi wanauita madabodi, niliufunga skrubu moja baada ya nyingine, taratibu, nimeshikilia pumzi. Nikaweka feni. Nikaweka kadi mbili za kumbukumbu, vijikadi virefu vyembamba vinavyosimama wima kwenye mifereji yake. Saa kumi jioni nikawasha. Feni zikazunguka, taa zikawaka, nikapiga kigelegele mpaka mama akatoka chumbani kuuliza nani kajifungua. Kigelegele chenyewe hakikumaliza pumzi. Skrini ilikuwa nyeusi tii, na katikati yake maandishi madogo: hakuna mawimbi.

Nikajiambia ni kebo tu. Nikachomoa nikachomeka, nikahamisha tundu, nikageuza kebo kichwa chini miguu juu. Wapi! Nikagonga kwa jirani, yule muuguzi mstaafu, nikaazima skrini yake. Nayo ikaniandikia yale yale, tena kwa herufi kubwa zaidi, nikaona kama nazomewa. Nikalala na hasira zangu.

Ijumaa nikakisoma kitabu kile kama ninayejiandaa kwa mtihani. Kikasema kwenye kona ya madabodi kuna taa ndogo nne, na ile inayobaki inawaka ndiyo inayoonyesha ugonjwa ulipo. Yangu iliyobaki ilikuwa ya kumbukumbu. Nikasema ahaa, nimekushika leo! Nikazitoa zile kadi, nikazifuta kwa kitambaa kikavu, nikazirudisha. Giza. Nikazibadilisha nafasi. Giza. Nikaacha moja peke yake. Giza lile lile. Nikatoa ile betri ya duara kama ya saa, nikahesabu dakika kumi, nikairudisha. Unajua nilipata nini? Giza! Kitabu kilisema kadi ibonyezwe mpaka ilie. Nami nilibonyeza, Kaka. Nilibonyeza mpaka pale ninapoanza kuogopa, nikaacha, nikatia alama ya vema kwamba hilo limekwisha.

Shemeji yako alirudi kutoka karakana na vumbi la mbao kichwani, akaniona nimeshika tama, akatania kwamba lisemwalo lipo. Yeye na utani ni chanda na pete, hakuwa na ubaya. Lakini siku hiyo utani haukunipata vizuri. Nilimrushia kitambaa, nikajifungia bafuni nikalia, na sikumsemesha mpaka asubuhi. Nilichokuwa nalilia si mashine. Nilikuwa naanza kuamini kwamba mlisema kweli, kwamba kitu kikipita mikononi mwangu kimekwisha, na kwamba Jumatatu mtu mwingine ataketi kwenye kazi yangu kwa sababu hiyo.

Jumamosi asubuhi maji yalinifika shingoni. Nikaifunga mashine kwenye shuka, nikaipakata kama mtoto mgonjwa mpaka kwa fundi wa televisheni mwenye kibanda kando ya duka la viatu. Ni mzee mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi, na maneno yake ni ya kuhesabu. Aliniuliza nimejaribu nini, nikamwaga yote bila kituo. Akauliza nani kaiunda. Nikasema ni mimi, kwa sauti ya mtu aliyekamatwa na kuku wa watu. Akafungua, akachungulia kwa muda, akasema kazi ni safi, na waya zimefungwa vizuri kuliko za wengi wanaojiita mafundi. Kisha akagusa ncha ya kadi moja kwa penseli, akasema hii haijaingia, na mwenzake vilevile.

Nikangoja azibonyeze. Akasogea pembeni akaniambia nibonyeze mimi. Nikamwambia zitavunjika. Akasema hazivunjiki. Nikabonyeza, akasema bado. Nikaongeza, ubao ukapinda kidogo, nikaachia. Hapo yule mzee akavua miwani, akaniuliza, wala hakucheka, ni nani aliyeniogopesha na mikono yangu.

Niliweka vidole gumba vyote viwili, nikafumba macho, nikakandamiza kwa nguvu zangu zote. Kah! Ikalia. Ya pili nayo, kah! Akawasha, na skrini yake kuukuu iliyojaa vumbi ikaleta maandishi meupe, mstari juu ya mstari. Akaniambia nimpishe, kuna mtu anangoja pasi yake.

Ningetakiwa nirudi nyumbani nacheza. Badala yake nilitembea nimefura kuliko siku zote tatu. Siku tatu, Kaka! Machozi, skrini ya jirani, ugomvi na mume wangu, kazi nusura iende, na kumbe mashine ilikuwa nzima, inangoja mtu asiyeogopa kuibonyeza. Na swali la yule mzee halikutaka kunitoka, kwa sababu jibu lake nalijua. Mficha uchi hazai, nami nimeuficha huu miaka ishirini na tisa.

Redio ya baba niliiona inavyovunjika. Nilikuwa nyuma ya mlango natafuta kiatu changu. Ulipanda juu ya kiti utafute mpira unaotangazwa, ukavuta waya, ikaja yote. Ulitoka mbio kwa mlango wa uani, ukazunguka, ukaingia kwa mlango wa mbele ukiuliza kuna nini. Mimi kitufe nilikiokota chini ya meza. Nilikuwa natafuta pa kukirudishia baba alipoingia.

Aliponiuliza, sikusema. Usiku uliotangulia nilimsikia akimwambia mama kwamba ukifanya kosa moja zaidi, shule ya bweni uisahau. Nilikupenda, nikanyamaza. Alama za fimbo alizonichapa zilipona wiki ile ile. Lakini hukunitetea hata siku moja, na jina ukawa unalisimulia wewe kuliko wote, nami nimelisikia mpaka nikaliamini. Mwezi uliopita binti yako alinipokonya bilauri mkononi, akanipa kikombe cha plastiki, akasema Shangazi Vunja asishike vya kioo. Wewe ulikuwepo. Ulicheka.

Sitaki unilipe kitu. Nataka umwambie mama, kwa mdomo wako, Jumapili utakayopiga simu. Usipomwambia, mimi sitamwambia; nilikwisha kunyamaza mara moja, sitashindwa mara ya pili. Ila jina hilo sitaliitika tena, si kwako wala kwa mtoto wako.

Jumatatu saa mbili kamili nilikuwa nimeketi, vipokea sauti masikioni, nachapa. Bosi ameniambia kazi ni nzuri. Na barua hii nimeichapa kwenye mashine hiyo hiyo, wala haijapata hata mkwaruzo.

Nisalimie sana wifi yangu. Mbusu binti yako kwa niaba yangu, mwambie akija tena atanisaidia kuosha bilauri. Mama anakuombea, na shemeji yako anasema goti ulikande kwa maji ya moto.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuwa nakirudisha kitufe mahali pake.