Nilimpa mama vifungu saba vya kupokea wageni wangu

Kwako mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi ipokee hivyo hivyo kwa ajili ya kazi unayoifanya. Nakuandikia nikiwa na nafuu kubwa, maana jambo nililoliogopa limeshapita na hakuna aliyeumia wala aliyenicheka zaidi ya nilivyostahili, lakini kuna kitu kidogo kimebaki kinanichoma, na naomba msaada wako, ila tafadhali nisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, karani wa masjala katika ofisi moja ya umma. Kazi yangu ni kupokea barua, kuzigonga muhuri, kuzipa namba na kuhakikisha kila moja inaingia kwenye jalada lake, na nakueleza haya si kwa kujisifu bali uuelewe ugonjwa wangu, kwamba jambo likinitia hofu mimi huliandika, na likinitia hofu zaidi huliwekea vifungu.

Mama yangu anaishi peke yake shambani tangu baba alipofariki. Kabla ya kustaafu alikuwa mpishi wa shule ya bweni kwa miaka ishirini na mitatu, na siku kengele ya shule ilipoibiwa ni sauti yake iliyowaita wanafunzi mia nne kuja kula. Ni mtu wa maneno. Mgeni akifika kwake huulizwa hali yake, ya wazazi wake, ya ndugu zake na ya mifugo yao, kisha hulishwa mpaka alegeze mkanda, na wakati analegeza mkanda ndipo anaposimuliwa habari zetu sisi watoto, zote, hata zile ambazo sisi wenyewe tulishazizika.

Sasa dada yangu, ambaye ni fundi wa maabara, pamoja na mimi tulipanga na marafiki zetu watano tukapige kambi mwisho wa wiki kwenye uwanja wa majani ulio chini ya nyumba ya mama, tulale kwenye mahema, tupike wenyewe, tupumzike na kelele za mjini, na mama alikubali kwa furaha kubwa. Miongoni mwa hao watano alikuwemo dereva wa ofisi yetu, na alikuwemo binti wa mapokezi, ambaye ninamheshimu kuliko kazi inavyodai. Hapo ndipo hofu iliponiingia. Nikakaa mezani baada ya saa za kazi nikamwandikia mama waraka.

Nasema waraka kwa sababu ulikuwa waraka. Ulikuwa na kumbukumbu namba, ulikuwa na kichwa kisemacho YAH: UJIO WA WAGENI, ulikuwa na vifungu saba na chini yake nakala kwa dada, ambayo hakuwahi kuifungua. Cha kwanza kilisema salamu ziwe fupi. Cha pili, wageni wasiulizwe wanaoa au wanaolewa lini. Cha tatu, asiyetaka kuongezwa chakula asiongezwe. Cha nne, mama asifike kwenye mahema bila kuitwa wala asitoe maelekezo kuhusu kambi. Cha tano, habari za godoro langu la darasa la tano zisisimuliwe kwa mtu yeyote. Cha sita na cha saba naona aibu kuvitaja hata kwako. Nikauweka kwenye bahasha, nikaupeleka posta, nikarudi nyumbani nimetulia kama mtu aliyefunga mlango kwa komeo.

Tulifika Jumamosi asubuhi. Mama alikuwa amesimama mlangoni kwa gauni lake la kutokea. Dereva akavua kofia, akasema, “Shikamoo, Mama.” Mama akajibu, “Marahaba.” Dereva akasubiri. Akasema tena, “Habari za hapa?” Mama akasema, “Nzuri,” akageuka, akaingia ndani na kuufunga mlango. Wageni wakatazamana. Dada yangu akanitazama mimi, na mimi nikajifanya nahesabu vigingi.

Tukasimamisha mahema, tukawasha moto, na muda wote huo mama hakutoka ila mara mbili, akasimama kizingitini, akatuangalia kama anayetaka kupiga chafya, akarudi ndani. Kufikia saa nane mazungumzo yalikuwa yamekufa, watu wanaongea kwa kunong'ona kama wako msibani, na binti wa mapokezi akaweka kikombe chini akasema, “Jamani, mimi nalipwa kwa kupokea watu. Mtu akipokewa namna hii, anaambiwa aondoke.” Mwenzake akasema labda tumekanyaga mazao. Mwingine akaanza kung'oa kamba za hema. Nami, mshauri, nilikuwa na neno moja tu la kusema na nisingekuwa na haja ya kukuandikia leo, lakini sikulisema.

Dereva ndiye aliyepanda hadi mlangoni, sisi wote nyuma yake. Akapiga hodi. Mama akafungua.

“Mama,” akasema, “kama tumekukosea, tuambie. Sisi ni wanao. Tukemee, kisha tukuombe radhi.”

Mama akanitazama mimi kwanza. Halafu akavaa miwani, akatoa karatasi mfukoni, akaipitishia kidole. “Subiri, mwanangu, nitazame kama hilo naruhusiwa kulijibu.”

“Unaruhusiwa na nani, Mama?”

“Na ofisi.”

Dereva akaomba aione, naye akampa. Akaisoma kwa sauti, kwa ile sauti ya kusoma matangazo, tangu kumbukumbu namba mpaka nakala, na nilitamani ardhi inimeze lakini ardhi ya kwetu ni ngumu. Alipofika kifungu cha tano, binti wa mapokezi akauliza, “Godoro gani?” Akamgeukia mama. “Mama, godoro gani hilo?”

Mama akasema kwa upole, “Hilo, mwanangu, limekatazwa kabisa.”

Basi hapo wakaangua kicheko, mmoja akakaa chini kwenye majani, na dada yangu akacheka mpaka akalia. Binti wa mapokezi akasema waraka ufutwe, wanaokubali wanyooshe mikono, na mikono yote ikanyooka, na mimi nikanyoosha wangu wa mwisho.

“Umefutwa wote?” mama akauliza. “Hata cha nne?”

“Wote, Mama.”

“Basi ng'oeni hayo mahema upesi! Mmeyapiga kwenye njia ya ng'ombe wa jirani, na saa kumi wanarudi kutoka kunywa maji. Tangu asubuhi nakaa dirishani nakufa na maneno yangu!”

Tulihamisha mahema mbio mbio tukicheka, mama anaelekeza kwa sauti ya bweni, na ng'ombe walipopita, kama thelathini hivi, walipita pale pale tulipokuwa tumetandika. Jioni hiyo alikaa nasi kwenye moto, akaulizana salamu na kila mmoja mpaka mifugo, akasimulia godoro kuanzia mwanzo, jinsi lilivyoanikwa juani kila asubuhi, na binti wa mapokezi akasema, “Kumbe darasa la tano tu? Mimi la saba.” Sijui kama ni kweli. Lakini sijawahi kupumua kama nilivyopumua wakati ule.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye raha. Lakini Jumapili tulipokuwa tunaagana, mama alininyooshea kola ya shati akasema polepole, asisikie mtu, “Barua yako nitaitunza. Ndiyo ya kwanza kuniandikia tangu uanze kazi.” Ndani ya gari dada akaniambia alichosimuliwa na jirani, kwamba bahasha ilipofika mama alitoa viti viwili nje, akamwita jirani huyo aje kusikia barua ya mwanawe, akaanza kuisoma kwa sauti, na alipomaliza kifungu cha kwanza akaikunja, akasema, “Ah, ni mambo ya kazi tu.”

Wiki tatu zimepita. Mama ananipigia simu kama kawaida, ana furaha, anauliza habari za wageni wote, ila sasa kila anapotaka kuniambia jambo huanza na, “Naruhusiwa?” kisha anacheka. Mimi nacheka pia, halafu nikikata simu nabaki nimeishika tu. Dada anasema, “Wewe funika kombe, mama amekwisha kusahau.” Dereva anasema hivyo hivyo. Nimeandika barua ya kuomba radhi mara tatu, na ya tatu nilipoitazama niliona nimeiwekea namba. Je, niitume, au nilinyamazie jambo hili kwa kuwa lilikwisha vizuri, nisije nikalifumua lililokwisha kushonwa?

Ni mimi, karani mwenye nafuu nusu.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, nimekuzidi, na kwa mbali.

Nianze na pole, kwa sababu umeteseka kweli, na kwa sababu kijana anayekosa usingizi kwa ajili ya mama yake hajaharibika. Pole nimeshatoa. Sasa kaa vizuri nikukemee.

Wewe ni karani wa masjala. Hukufundishwa kwamba siri haiandikwi? Ulitaka godoro lisahaulike, ukaliandika, ukalitia namba na kutoa nakala. Hayo ni ya kuchekesha na mimi nimecheka, usinilaumu. Ambalo halichekeshi ni hili. Mama yako aliwahi kulisha watoto mia nne wa watu wengine, na wewe ukamwandikia jinsi ya kupokea watano. Visome tena vifungu vyako. Ulikuwa humwonei aibu yeye. Ulikuwa unajionea aibu mwenyewe, ukamfanya yeye mlinzi wa lango. Cha sita na cha saba hukuvitaja, na sitaki kuvijua, ila mama yako anavijua.

Tena tazama alichofanya. Angeweza kukupigia simu siku ile ile akakutolea maneno ya jikoni. Hakufanya. Alitii. Alikaa dirishani anawatazama mmepiga mahema kwenye njia ya ng'ombe, akatii! Mzazi anayejinyamazisha nyumbani kwake ili mwanawe asiaibike mbele ya binti wa mapokezi, huyo anakupenda kuliko unavyostahili mwezi huu.

Najua unajiuliza kama “Naruhusiwa?” ni utani au ni kidonda. Ni vyote viwili, mwanangu. Anakutania kwa sababu hataki kukushitaki. Kila akiuliza anakupa nafasi ya kujibu, na wewe kila mara unacheka, unakata simu. Dada yako na dereva wanakushauri ufunike kombe kwa sababu wao hawakuandika kitu. Hakuna kilichoshonwa hapa cha kukifumua. Mlicheka tu, na kicheko ni kizuri, lakini hakijawahi kuomba radhi kwa niaba ya mtu.

Kwa hiyo sikiliza. Hizo barua tatu zichane, hasa ya tatu. Hutamtumia karatasi mtu uliyemuumiza kwa karatasi. Jumamosi hii panda gari uende nyumbani, peke yako, bila dada wa kukutetea wala marafiki wa kujificha nyuma yao. Binti wa mapokezi atapelekwa siku nyingine, na nahisi itafika, maana msichana anayejizulia aibu ili kukupunguzia yako si wa kuheshimiwa tu.

Ukifika, useme kabla hujala. Ukisubiri kushiba utaahirisha. Mwambie, “Mama, nilikuwekea masharti nyumbani kwako, nilikosa, nisamehe.” Ishia hapo. Usieleze ulikuwa na sababu gani, usihesabu vifungu, usilie sana mpaka yeye aanze kukubembeleza wewe. Kisha mwache aseme, aseme yote, hata yale yanayouma, na wewe ukae kitako usikilize kama aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Kuanzia mwezi ujao mwandikie barua za kawaida: umekula nini, nani kazini amekuudhi, viatu gani vimekwisha. Mwanao akiwa mbali hayo ndiyo unayotaka kujua. Siku moja utaniambia kama nilisema uongo.

Bado kuna jambo moja, na hili wewe hukuliona kabisa. Jirani. Marafiki zako waliufuta waraka na mama akacheka nao, lakini jirani hakuwepo. Yeye aliuona tu uso wa mama yako ukibadilika kwenye kile kiti, na mpaka leo wanakutana kila siku, na mama yako ana jambo la kumeza kila wanapokutana. Hapo ndipo kidonda kilipo. Ukishamaliza na mama, mshike mkono mwende wote wawili kwa jirani huyo, mchana kweupe, umsalimie salamu zote bila haraka, ukae mpaka chai iishe. Mama yako atataka kukusifia mbele yake. Atazidisha. Atasema masjala nzima iko mikononi mwako na mkuu wa ofisi hapumui bila wewe. Usimsahihishe.